Kazi ya Kukaa

Mimi kukaa sijui. Mama alikuwa akisema nilitoka tumboni mwake nikiwa nimeshavaa viatu, na jina lake la kunitania lilikuwa Kiguu na Njia. Ukinituma dukani nimeshafika kabla hujamaliza kuniambia kinachotakiwa, kwa hiyo mara nyingi nilirudi na kitu kingine. Ukiniweka mkekani nishike ungo, punde si punde miguu inaniwasha, macho yapo mlangoni, na sababu nimeshaipata: maji yamepungua mtungini, kuku wameingia kwa jirani, kuna mtu anaita. Nayasema haya mapema kwa sababu mdogo wangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na katika ugonjwa ule kuna mkono wangu. Nimelizunguka jambo hili miaka mingi kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa. Leo naingia.

Kwetu ni Nyasubi, Kahama. Babu yangu alipanda huku kutoka pwani na mizigo ya watu, akaoa Msumbwa, akabaki. Baba alirithi duka lenye mlango mmoja: sukari, mafuta ya taa, viberiti, vitambaa. Lakini kilichotulisha kweli kilikuwa karanga. Baada ya mavuno wakulima walitoka upande wa Segese na magunia juu ya mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli, baba akanunua, sisi watu wa ndani tukamenya, tukapepeta, tukachambua, kisha zikapelekwa Geita kwa wachimbaji. Mtu anayeshuka shimoni hana haja na sufuria. Anataka karanga na michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, ajaze mfukoni ashuke nazo.

Sasa, kulikuwa na mtindo ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyeuacha. Mkulima kabla ya kuleta gunia alilinyunyizia maji kidogo ili liwe zito kwenye mizani. Baba alipolishika tu alijua. Alimsema mwenye gunia kwa Kisukuma, mwenye gunia akacheka, baba akapunguza bei, wakaagana vizuri. Biashara ilikwisha hapo, lakini maji yalibaki ndani ya gunia. Ukiingiza mkono baada ya siku kadhaa ulikuta joto, kama kwapa la mtu aliyelala. Ukilifungua, karanga za katikati zimeota ukungu, wa kijani, wa kijivu, na ukizimwaga kwenye ungo vumbi linapanda kama moshi. Sisi tulipiga chafya, tukafuta pua, tukaendelea.

Mvua zikianza magunia yaliingizwa chumba cha sakafu ya saruji yasinywe unyevu wa ardhi. Chumba chenye saruji kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa chetu wasichana. Mimi na mdogo wangu tulilala kitanda kimoja, na magunia yakapanda ukutani mpaka karibu na dari.

Huyo mdogo wangu nilimpita miaka mitatu. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, ncha za vidole zimevimba kama virungu vidogo, na alikohoa tangu alipokuwa mgongoni kwa mama. Kula alikula. Alikula kuliko baba, na bado mbavu unazihesabu. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa mbuzi. Mbuzi wa jirani walimpenda mdogo wangu kupita kiasi. Akikaa barazani mchana wa jua kali walimfuata wakamlamba mikono na paji la uso, na yeye akajichekea tu. Mchana ngozi yake ilifanya unga mweupe, na mama akimbusu alisema mwanangu huyu ana chumvi. Tulichukulia ni mambo ya mtoto, kama wengine wanavyozaliwa na doa.

Zahanati walisema kifua kikuu. Alichomwa sindano kila siku kwa miezi, akapata nafuu kidogo, akarudi kukohoa. Wakasema kifua kikuu tena, wakaanza upya. Shuleni alitengewa kikombe chake, chenye alama ya rangi nyekundu, na kuna msichana aliyekipiga teke makusudi. Nilimsubiri njiani. Sitasema nilimfanya nini, ila mama yake alikuja nyumbani jioni hiyohiyo na mimi nikachapwa, na sikujuta hata kidogo.

Maji hakuweza kuchota, kutwanga hakuweza. Akipiga hatua mia mbili lazima asimame ashike magoti. Lakini kwetu hapakuwa na mtu wa kukaa bure. Bibi yetu aliyekuwa kipofu alimenya karanga mpaka wiki aliyofariki. Mtoto asiyepewa kazi maana yake mmeshamkatia tamaa, na mama asingekubali watu wamfikirie mwanawe hivyo. Kwa hiyo alimpa kazi ya kukaa. Alimtandikia mkeka chumbani, karibu na magunia, mlango umefungwa upepo usimpige kifua, akamwekea ungo mapajani. "Hii ndiyo saizi yako, mama," akamwambia. "Zilizooza huku, nzima huku." Na mdogo wangu akawa hodari. Vidole vile vilivyovimba viliruka kwenye ungo kama kuku anayedonoa, na baba akawa anajisifu kwa wateja kwamba karanga zake zimechambuliwa na fundi.

Mimi pia nilikuwa na ungo wangu. Kila mmoja wetu alipewa mmoja kila siku baada ya chakula cha mchana. Haukupita muda tukafanya biashara yetu ya siri, mimi na yeye. Nilimmiminia karanga zangu juu ya zake, nikatoka. Nikaenda kisimani, nikaenda sokoni, nikapita kituo cha malori kuona nani kashuka, nikarudi na habari. Nani kaachwa na mume, lori gani limekwama, mchimbaji gani wa Geita kaja kavaa saa mbili mkono mmoja. Nilimsimulia kwa kuigiza, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Dada, kesho nenda mbali zaidi," alikuwa akiniambia. Yeye alinipa makalio yake na mimi nilimpa miguu yangu, ndivyo nilivyojiambia. Mama akiingia alikuta nyungo mbili zimechambuliwa safi, akanisifu na mimi. Nikazipokea sifa.

Nilipokuwa na kama miaka kumi na sita, mvua zikiwa zimekolea, mdogo wangu alianza kukohoa kikohozi kipya. Kilikuwa na mluzi ndani. Usingizi wake ukawa wa kukaa, mgongo umeegemea magunia. Asubuhi moja alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akatema kitu mkononi akanionyesha. Hakikuwa kohozi la kawaida. Kilikuwa cha kahawia, kigumu kidogo, kimejigawa matawi kama kimzizi. Nikamwita mama. Mama akakiweka kwenye kifuniko cha kopo akaenda nacho zahanati, na mganga wa pale, bila kukitazama sawasawa, akasema ni kifua kikuu, aanze sindano mara ya tatu.

Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Siku ile alirudi, akaweka kopo mezani, akamwambia baba, "Huyu mtoto wamemtoboa mapaja mpaka hayana pa kushika. Mimi nakwenda naye mbele." Baba akasema mvua hii barabara haipitiki. Mama akasema atapita. Kesho yake tulipanda lori la pamba, mama, mdogo wangu na mimi wa kubeba mzigo, tukaenda upande wa Geita kwenye hospitali ya misheni ambako tulisikia kuna daktari wa kike, Mzungu, asiye na haraka.

Kweli hakuwa na haraka, na mimi haraka ndiyo tabia yangu, kwa hiyo alinitesa. Alimpiga picha ya kifua, akaitundika dirishani, akaitazama mpaka nikataka kutoka. Aliangalia kile kimzizi kwa darubini. Alishika vidole vya mdogo wangu kimoja kimoja. Akauliza haja yake kubwa ikoje, kama ina mafuta, na mama akaona aibu akanitazama mimi nijibu. Halafu akapitisha kidole kwenye paji la uso la mdogo wangu, akakiweka ulimini mwake.

Mama alinyanyuka kitini. Nadhani alifikiri mambo ya uchawi.

"Ana chumvi," daktari akasema. "Mmewahi kuona?"

"Mbuzi wanamlamba," nikajibu.

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akakaa mbele yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini kilinyooka. Alisema mtoto huyu ana maradhi mawili. La kwanza kazaliwa nalo, limo kwenye damu ya baba na mama bila wao kujua. Jasho lake ni la chumvi na makohozi yake ni mazito kama gundi, hayapandi. Kwao Ulaya amewaona watoto wa namna hiyo, huku kwetu huyu ndiye wa kwanza. La pili amelivuta. "Ni kuvu," akasema. "Ule ukungu unaoota kwenye chakula kibovu. Vumbi lake wewe unalivuta, mimi nalivuta, tunakohoa linatoka. Kwake linanasa kwenye ile gundi, linaota humo humo kifuani, na mwili wake unapigana nalo mpaka unajiumiza wenyewe." Akamtazama mama. "Anaupata wapi ukungu mwingi hivi?"

Mama akaeleza. Karanga, magunia, chumba cha saruji. Daktari akawa anaandika.

"Na kuchambua, anachambua kiasi gani?"

"Kidogo tu," mama akasema, na alisema kweli kama alivyoijua. "Ungo mmoja, baada ya chakula."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilijua ni nyungo mbili, na siku za mzigo mkubwa, baba akituongezea, ni nne. Nilijua yeye ndiye aliyezipepeta zote, mlango umefungwa, na mimi niko kituo cha malori. Mdogo wangu aligeuza shingo akanitazama. Hakuwa na sura ya kunishitaki, alinitazama tu kama anayesubiri mtu amalize kufunga kamba ya kiatu. Nikajitia hamnazo. Nikasema naenda kutazama kama lori la kurudi lipo, nikatoka nje, nikazunguka jengo zima mara tatu kwenye matope.

Nilipoingia tena daktari alikuwa ameshakata shauri. Ungo mmoja si kitu kikubwa, alisema, ila auchambulie nje penye upepo, kitambaa puani. Mkosaji mkubwa ni magunia, yatoke chumbani. Akampa vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza ule ugomvi wa kifuani. Kisha akanifundisha mimi, si mama, kumlaza kichwa kikiwa chini na kumpiga mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe, kila asubuhi, ili gundi ibanduke. "Wewe una mikono isiyotulia," akaniambia. "Itafaa."

Vidonge vilifanya kazi. Mluzi ukakoma, uso ukamjaa, na Nyasubi nzima ikaja kumpongeza mama kwamba mtoto kanenepa. Magunia baba aliyahamishia kibandani uani. Kila asubuhi nilimpigapiga mgongo kama mtu anayeukanda unga, naye akanung'unika kwamba namlipizia kisasi cha tangu utotoni. Nilifurahi. Mchezo wa kummiminia ungo wangu niliuacha siku tuliyorudi. Nilijiambia basi, nimelipa, hakuna haja ya kusema.

Lakini kuchambua sikuweza. Nilikaa, naapa nilikaa, na nilichambua hovyo. Baba akapata malalamiko kutoka Geita kwamba karanga ni chungu. Akaja na konzi ya karanga akanionyesha. Mdogo wangu akasema, "Niachie mimi nizipitie tena, Dada ana kwikwi ya miguu." Baba akacheka. Mama akasema lakini nje, na kitambaa puani. Na mimi, niliyejua, nikanyamaza mara ya pili. Msimu mzima alipitia ungo wake na ungo wangu. Mvua zilipoanza, watu wakaingia barazani, baraza likafungwa kwa turubai, kitambaa kikawa kinamzuia kupumua akakishusha shingoni. Kabla mvua hazijaisha alitema kimzizi cha pili.

Safari hii baba naye alikuwepo, na daktari hakuuliza nyungo ngapi. Alikasirika. Alisema huyu mtoto na karanga wasionane tena maisha yake yote, au mkachimbe kaburi. Baba aliinama akafuta macho kwa kofia yake. Riziki yetu yote ilikuwa karanga, na nyumba isiyo na karanga hatukuwa nayo. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa Chato, anashona nguo kwa cherehani karibu na ziwa. Alileta ujumbe: kwangu hakuna gunia hata la pumba, mleteni. Mdogo wangu hakulia. Aliuliza tu atakuwa akifanya nini huko. Shangazi, tulipomfikisha kwake, alimjibu akidhani anampa zawadi: "Hutafanya kitu, mwanangu. Utapumzika."

Akakaa Chato miaka. Mimi nikageuka mtu wa minada, nabeba kanga na vitenge kutoka mnada hadi mnada, leo Segese, keshokutwa Geita, wiki ijayo kwingine, na kila mzunguko nilihakikisha napita kwa shangazi. Niliolewa pia, katikati ya safari, na mume wangu akawa anawaambia watu kaoa begi. Nikifika Chato nilimpa mdogo wangu habari za njiani kama zamani, nikampiga mgongo asubuhi, nikaondoka. Alikuwa salama kwa namna yake. Alivaa gauni safi, alikaa kiti cha dirishani, na wageni wa shangazi walimuuliza hali kabla hawajamuuliza mwenye nyumba. Vidonge nilimletea mimi.

Mwaka ule kabla ya vita vya Uganda, shangazi alituma habari kwamba kifua kimerudi. Mluzi, kukaa kitandani usingizini, kile kitu cha kahawia. Alidhani vidonge ni vya zamani, vimeisha nguvu. Niliacha kanga zangu kwa mwenzangu wa mnadani nikapanda basi la asubuhi, nikafika siku ambayo hawakunitarajia. Shangazi yuko kwenye cherehani. Shikamoo, marahaba, mdogo wangu yuko wapi? "Kaenda kuongea kwa jirani," akasema. "Kila siku anakwenda hapo kidogo, apoteze mawazo."

Jirani alikuwa mama mmoja mjane, Mzinza, mwenye shamba. Nikaingia uani kwake bila hodi, maana nilisikia kikohozi. Kilitoka ghalani. Nikasukuma mlango. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, na kwenye ule mwanga uliopita mlangoni niliona vumbi la ukungu limemzunguka kichwa. Zilizooza huku, nzima huku.

Nilimnyang'anya ungo nikaurusha ukutani. Karanga zikasambaa ghala zima. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote: mjinga, asiye na shukrani, mama amepitia matope gani kwa ajili yako, baba amelia mbele ya Mzungu, na wewe umekuja kujificha huku ujiue. Yeye akapiga magoti akaanza kuziokota, moja moja, anazirudisha kwenye ungo.

"Acha," nikasema.

"Za watu hizi," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana." Akatua kidogo apumue. "Yule mama alikuwa na mkono mbovu. Nikamwambia nitamsaidia. Usimgombeze, hajui kitu."

"Na wewe? Wewe si unajua?"

Akakaa kitako akanitazama. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na uso wa mtu mzima. "Dada," akasema, "nyumbani nilikuwa fundi. Baba alinitaja kwa wateja. Hapa mimi ni mgonjwa. Asubuhi mgonjwa, jioni mgonjwa. Wewe umezunguka dunia yote. Mimi niachie hata kitu cha kushika mkononi."

Hapo ndipo miguu yangu ilipokufa. Niliketi pale pale kwenye vumbi, nikamwambia. Kwamba kwa daktari nilinyamaza. Kwamba zilikuwa nyungo mbili na nne, na nilijua, na laiti ningesema siku ile angekatazwa mapema na kifua chake kisingeharibika kiasi kile. Nilisema huku nalia kama mtoto aliyevunja chungu. Nilimwambia sijapata usingizi mzuri tangu siku ile, na ilikuwa kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanicheka, kicheko kile chenye mluzi. "Ungo wako siku zote ulikuwa mchafu kuliko wangu," akasema. "Ulidhani sioni? Ulikuwa ukichagua gunia wewe mwenyewe, ukachukua lililolowa, kwa sababu lilikuwa karibu na mlango." Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Nilimtoa ghalani nikampeleka kwa shangazi. Kesho yake nilifanya jambo ambalo aliyenijua asingeliamini. Nilikwenda kwa yule jirani nikamwomba gunia zima. Nikakaa mwisho wa uwanja, upande ambao upepo ulipeleka vumbi ziwani, mbali na dirisha lake, kanga nimejifunga puani, nikachambua. Sikuchambua hovyo. Nilitoa kila iliyooza, kila iliyosinyaa, nikaziosha zilizobaki, nikazianika juani mpaka zikakauka. Ilinichukua kutwa. Mgongo uliniuma, miguu iliniwasha, magari ya mnada yalipita barabarani nikayasikia na sikuinua kichwa. Jioni nilizitia kwenye ungo safi nikampelekea kwenye kiti chake cha dirishani, nikamwekea mapajani.

Akazishika, akazisugua kati ya vidole. "Hizi zimeshachambuliwa."

"Chambua tena," nikamwambia.

Nilidhani atanirushia. Kisha akavuta ungo karibu, akainamisha shingo, na vidole vikaanza, taratibu, si kama zamani. Shangazi alisimamisha cherehani. Baada ya kitambo mdogo wangu aliinua karanga moja akanionyesha, ina doa dogo jeusi pembeni. "Umeacha hii," akasema. "Bado hujui kukaa."

Nilikaa Chato siku kumi na moja. Kila siku mimi nje kwanza, yeye ndani baadaye, na kila jioni alinitafutia yangu moja niliyoiacha. Karanga zile jirani aliziuza kwa bei nzuri na akaja kumshukuru mdogo wangu, fundi, mbele ya wageni wa shangazi. Nikamfundisha shangazi kazi yangu ya kutangulia. Kisha nikarudi njiani, kwa sababu mume alikuwa na haki yake na kanga zilikuwa na wenyewe, na kwa sababu mimi ni mimi.

Alifariki mvua zilizofuata. Kifua kilikuwa kimeshaliwa, vidonge havikupata tena pa kutuliza. Mimi nilikuwa mnadani Segese, nimesimama juu ya sanduku, nimetandaza kanga mkononi naita wateja, dereva aliponifuata akanivuta pembeni. Walimleta Nyasubi, akazikwa kwetu, na chumvi yake.

Msibani wanawake walijaa uani kuwapikia watu, na kama ilivyo kawaida kila aliyeingia alipewa ungo wa mchele achambue mawe na chuya. Mimi walinipita. Walijua tabia yangu, wakaona heri nitumwe maji. Nikamnyang'anya mama mmoja ungo wake nikakaa mkekani. Nilikaa siku ya kwanza, nikakaa siku ya pili. Waliniletea chai ikapoa. Siku ya tatu watu wameanza kutawanyika, mikeka inakunjwa, mama akaja akainama akanishika bega.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Huo mchele umekuwa safi tangu jana."

Nikamwambia aniache, nichambue tena.